Habari za Maneno Manne

Kwetu mgeni akishuka farasi anapewa maji, kisha mkubwa wa hema anamwambia atoe hali. Hapo atasema yote: alikotoka, nani kazaliwa, nani kafa, mvua imenyesha wapi. Kuficha ni aibu.

Zagar, mjumbe, alifika asubuhi kutoka Kalat, mji wa Khan mtawala wetu, mwendo wa siku tatu, farasi anatoka povu.

"Haya mwanangu, toa hali," nikamwambia.

"Khan mzima. Anamwita mwanawe."

Nikasubiri. Yeye akaangalia viatu vyake.

Mwana wa Khan, Mir Shahmir, nilimnyonyesha mimi, na siku zile alikuwa kwangu akiwinda. Sasa mtu atoke Kalat na maneno manne! Mimi si mjinga. Nilijua Khan amekufa, na aliyemtuma huyu ni baba mdogo wa Mir, mwenye uchu wa kiti cha Khan tangu ujana wake.

"Mir yuko mawindoni, atarudi," nikamdanganya. "Na wewe huondoki bila nyama."

"Mama, nina haraka."

"Haraka ya nini, na Khan mzima?"

Akaketi. Nikaamuru achinjwe kondoo mnene kuliko wote, achomwe mbali kidogo na moto, taratibu. Mgeni akiondoka kondoo wake angali motoni, amenitukana mimi na ukoo wangu mzima, na Zagar alilijua hilo. Mimi nikazunguka nyuma ya hema, Mir alikokuwa akisafisha bunduki.

"Baba yako amefariki. Pita njia ya mlimani. Ukiwahi, wakuu wa makabila watakukalisha kitini wewe. Ukichelewa, baba yako mdogo atakuzika."

Nyama iliiva alasiri. Zagar alikula tonge moja, akaacha.

"Ameshaenda, sivyo?"

"Tangu asubuhi."

"Umeniua, mama. Nikirudi bila yeye, sina shingo."

Akavua kilemba, akakiweka miguuni pangu. Nilimchukia mtu yule, lakini aliyeomba hifadhi hatolewi. Nikamwinua.

Siku ya nane wakaja wapanda farasi kumi. Khan mpya, Mir wangu, anamtaka msaliti. Nikasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwambieni nilimpa maziwa, sikumpa hema. Zagar ni wangu. Anayemtaka aanze na mimi."

Kiongozi wao akacheka, akageuza farasi.

"Khan alituagiza, 'Mama akikubali kumtoa, mnipe jibu faraghani, nisilie kwa aibu mbele ya baraza.'"