Chupa Tisini na Tisa

Mashujaa wanne walikuwa wamesimama mbele ya lango la ngome kwa miaka mitatu, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Walipumua tu, mabega yakipanda na kushuka, mapanga mikononi, huku theluji ya kwenye televisheni ikiwaangukia bila kuwalowesha. Nyuma ya lango hilo mfalme wa giza alikuwa akisubiri auawe. Séraphin alimimina chai kwenye vikombe viwili, akatia sukari vijiko vitatu kwenye kikombe cha Onésime, akaketi. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, Laeken, mtaa wa Brussels, na mfalme wa giza angengoja hadi chai iishe.

Usiwacheke bado. Watu hawa wawili, mmoja wa miaka hamsini na miwili, mwingine hamsini na minne, wote wa Bukavu, walijuana katika kiwanda cha magari kule Forest. Séraphin alikuwa akifunga mlango wa kushoto, Onésime mlango wa kulia. Gari moja lilipita kila baada ya dakika moja na nusu, nalo halikumngoja mtu: ukipiga chafya, limekwenda. Kwa miaka kumi na tisa walitazamana kupitia madirisha ya magari ya watu wengine, wakaulizana habari za watoto kwa nyusi.

Ule mchezo waliununua pamoja na mashine yake katika soko la mitumba la Jeu de Balle, miaka kumi na saba iliyopita. Ni wa aina ile ambayo mchezaji huvaa uhusika wa mashujaa, akazunguka nchi, akaongea na wanakijiji, akapigana na mazimwi. Na mapigano yake ni ya zamu. Zimwi likishapiga, husimama likakungoja uamue. Siku ya kwanza Séraphin alipoona zimwi limesimama linamngoja yeye, Séraphin, fundi wa mlango wa kushoto, aliweka kidhibiti mezani, akaenda msalani, akanawa mikono taratibu, akarudi. Zimwi lilikuwa palepale. Hakuna kitu chochote katika mji wa Brussels kilichokuwa kimewahi kumfanyia adabu ya namna hiyo, na tangu siku ile hakutaka kusikia mchezo mwingine.

Mashujaa waliwapa majina. Kulikuwa na Séra na Oné, wapiganaji. Claudine, mganga wa kundi, aliyepewa jina la mke wa Séraphin bila kuombwa ruhusa. Na Pasteur, ambaye katika kila pambano alilishwa sumu, hata pale adui alipokuwa kipepeo. Kabla ya kumpiga chura mmoja, marafiki hao walifanya kikao. Mmoja alitoa hoja, wa pili akamjibu, wakakumbushana vyura wengine waliowahi kupambana nao, kisha wakakubaliana. Claudine mwenyewe alipita sebuleni na nguo za kufua, akakiita kikao hicho bunge.

“Miaka dix-sept minaponesha batu mu télé,” alikuwa akisema, “na hata merci hamusemi.”

Halafu kuna suala la chupa. Katika safari zao walikuwa wameokota chupa tisini na tisa za dawa ya buluu, kiasi cha mwisho ambacho mchezo unamruhusu mtu kubeba. Tone moja la dawa hiyo linamfufua marehemu na kumrudishia nguvu zote. Hawakuwahi kufungua hata moja. Pasteur alishaburutwa akiwa maiti katika mapambano kumi na moja mfululizo, na wenzake wamebeba tiba mgongoni. Mtu asiyewajua angesema ni ubahili. Lakini mama yake Séraphin alitembea msituni kutoka Bukavu hadi Shabunda na chupa moja ya kwinini ndani ya kitenge, akaugua njiani, akatetemeka, akapona mwenyewe, na chupa ikafika haijafunguliwa, kwa sababu huenda kesho ingekuwa mbaya zaidi. Onésime alipohadithiwa hayo hakushangaa. Kwao kilichotunzwa hivyo kilikuwa chumvi.

Na lango? Hilo nalo walikuwa wamelifikia wakiwa na kila kitu. Kabla hawajaingia, Onésime aliuliza, “Tukimaliza, samedi tutafanya nini?” Walirudi nyuma kupiga vyura, kila Jumamosi wakaishia palepale langoni, na miaka mitatu ikapita hivyo.

Jumamosi hii, basi, Onésime alikuja na mfuko. Hakugusa chai. Tangu kiwanda kifungwe mwaka uliopita alikuwa amepungua mwili, na macho yake yalikuwa na haraka isiyokuwa na mahali pa kwenda. Mfukoni alitoa mashine ndogo nyeusi na kuichomeka kwenye televisheni.

“Leo tunabadilisha kidogo,” alisema. “Ni Graciella alinipatia. Ni jeu ya rôle kama yetu, lakini ya sasa.”

Graciella alikuwa binti yake. Séraphin alikubali kwa heshima ya binti. Shujaa alikuwa mmoja tu, katika msitu mzuri kiasi kwamba Séraphin alitaka kuusifu kwanza. Mara akatokea mbwa mwitu. Séraphin akaweka kidhibiti magotini, akamgeukia mwenzake kama desturi ilivyokuwa.

“Bon, ndugu, unaona namna gani? Tumupige na moto, ao tungoje ki—”

Mbwa mwitu alishamla. Maandishi mekundu ya Kifaransa yalimwarifu kwamba amekufa.

“Haikuningoja!” Séraphin alisema, na kweli alikuwa ameumia.

“Haingojake muntu. Ndiyo utamu yake.”

“Kurukia muntu angali anasema? Hiyo ni mchezo ao ni ujambazi?”

“Séra, batu ya leo hawana temps ya kungoja. Hata bale walitengeneza yetu, bamegeuka. Avenir, ile ya kesho, ni hii. Jeu ya zamu imekufa, alors iko tu wewe unalinda maiti.”

Neno hilo lilimchoma. Séraphin aliweka kikombe chini kwa uangalifu wa mtu anayejizuia kukirusha.

“Kama ni maiti, wewe unakuyaka hapa kila samedi kwa kilio?”

Onésime alichomoa mashine yake, akakunja nyaya polepole. “Bon,” alisema. “Basi sitakuya tena.”

Séraphin alidhani ni maneno. Jumamosi iliyofuata alimimina vikombe viwili. Jumamosi ya pili akamimina viwili, akanywa vyote. Ya tatu alijaribu kucheza peke yake, akakutana na chura, akageuka kushoto kuomba ushauri, akaona mto wa kochi. Chura alingoja. Aliendelea kungoja hadi Claudine alipokuja kuzima televisheni.

“Papa Élodie, muite tu,” alimwambia mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao.

“Anasema nalinda maiti.”

“Na wewe ulimwambia anakuya kwa kilio. Mulipigana kila moja na zamu yake. Sasa imetosha.”

Séraphin hakumpigia simu. Alikwenda kunyoa. Kinyozi wake kule Matonge alikuwa Kadiri, mtu wa Tanga aliyejua kila ugomvi wa mtaa na kuupunguza kwa mashine ileile ya nywele. Séraphin alimweleza kesi yote, akitumaini kupata shahidi.

“Mzee Séraphin, honestly, nyote mmekosea,” Kadiri alisema. “Haraka, polepole, stress tupu. Mimi ninacheza ile ya dunia nzima iko wazi. Nimejenga kibanda kando ya ziwa, ninavua samaki.”

“Na adui?”

“Adui yupo. Joka linachoma miji, I know. Wananiletea barua kila siku niende nikawaokoe.” Alipuliza nywele shingoni mwa Séraphin. “Lakini samaki nao wanataka muda.”

Séraphin alicheka kwa mara ya kwanza katika mwezi ule. Kadiri akatulia, akamtazama kupitia kioo.

“Mwenzako simwoni, mzee. Huyo hapitishi wiki mbili bila kunyoa. Kuna nini?”

Swali hilo lilimfuata Séraphin hadi nyumbani. Siku hizi alikuwa akiendesha basi dogo la kuwapeleka wazee hospitali, na simu iliyobandikwa mbele yake ilikuwa ikimhesabia dakika alizochelewa, ikalia kwa kila kikongwe aliyechelewa kutafuta mkongojo. Wiki nzima alikimbizwa. Ndiyo maana Jumamosi alitaka kitu kinachongoja. Hilo alilijua siku zote. Ambacho hakuwahi kujiuliza ni nani alikuwa akimkimbiza Onésime.

Jumamosi ya nne hakuchemsha chai. Saa tatu asubuhi alikuwa Forest, ghorofa ya tatu, akibisha mlango wa Onésime. Graciella alifungua, kikombe cha kahawa mkononi, akamsalimu kwa kumbusu mashavuni.

“Tonton, pole pole,” alinong'ona. “Papa eko ku kazi.”

“Kazi? Alipata kazi?”

Binti alimwonyesha sebule kwa kidevu. “Anaamuka à cinq heures, kungali giza, kila siku. Anavaa souliers ya usine, anasimama pale mpaka midi. Nilimupa ile jeu ili acheke kidogo. Sasa minaogopa kumwambia akae.”

Onésime alikuwa amesimama mbele ya televisheni, wima, amevaa vile viatu vya kiwandani vyenye chuma kidoleni. Zimwi lilimjia kutoka kulia, akalikwepa, akapiga. Likaja la pili, akapiga. Mkono wake wa kulia ulijua mwendo ule. Séraphin naye aliujua: inua, sukuma, kaza, achia. Alisimama mlangoni na koti lake, akatamani kucheka, akashindwa kabisa.

“Nakuona,” Onésime alisema bila kugeuka. “Usiseme na mimi, kuna ingine inakuya.”

Likaja, likafa. Kisha akazungumza, macho yakiwa kwenye kioo.

“Hii kitu inanikimbilia, Séra. Nikichelewa seconde moja, inajua. Mu hii mji yote, hakuna kitu ingine inajua kama nimechelewa.”

Séraphin aliona aibu, aibu ya waziwazi, kwa kuwa mwezi mzima alikuwa ametafuta hoja za kumshinda mtu huyu. Alivua koti, akampa Graciella, akaenda kusimama upande wa kushoto.

“Iko manette ya pili?”

Kidhibiti cha pili kilikuwepo. Séraphin alikufa mara kumi na nne kabla ya saa sita. Alikufa akiangalia mawingu, alikufa akiomba radhi, alikufa mara mbili kwa kuanguka mwenyewe kwenye mto. “Kushoto, Séra! Kushoto ni yako!” Onésime alifoka, kama alivyofoka siku ile kiwandani mlango ulipokwama, na katika kifo cha kumi na mbili alianza kucheka, akacheka hadi akashika ukuta. Graciella alichungulia kutoka jikoni, akarudi haraka, asije akaharibu.

Jumamosi iliyofuata, saa nane kamili, kengele ililia Laeken. Onésime alikuwa amenyoa. Lakini viatu vilikuwa vilevile. Claudine alivitazama, akalitazama zulia lake, akanyamaza, na waliomjua Claudine walijua hiyo ni zawadi kubwa.

Onésime hakuketi. Alisimama nyuma ya kochi, akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, huku Séraphin akiwasha mashine ya zamani. Mashujaa wanne walitokea, wakapumua. Séraphin hakugeuka kuomba ushauri. Aliwaelekeza langoni, akabonyeza, na lango ambalo hawakuwahi kuligusa likafunguka kwa mlio wa chuma.

“Ee! Unafanya nini?”

“Minaingia.”

“Na samedi ijayo? Tukimaliza?”

“Samedi ijayo nitakuya kwako Forest,” Séraphin alisema. “Nitakuya kufa.”

Onésime alizunguka kochi ili aone vizuri. Ndani kulikuwa na ukumbi mweusi na popo mmoja. Popo alimpiga Pasteur. Pasteur, kama kawaida yake, alilishwa sumu, akayumba, akaanguka.

“Muache,” Onésime alisema kwa mazoea. “Tutamubeba.”

Séraphin alifungua begi la mashujaa. Chupa za buluu zilikuwa mstari wa juu kabisa, mahali zilipokuwa miaka yote. Mchezo ukamuuliza kama ana hakika. Kidole chake kilisita juu ya kitufe, na kwa muda alimwona mama yake akikaza fundo la kitenge. Popo alipiga mbawa mahali pamoja, akingoja. Hakuna aliyewakimbiza.

“Séra,” Onésime alisema polepole. “Mupatie.”

Séraphin akabonyeza. Pasteur alitetemeka, akapiga goti, akasimama na mwanga wa buluu mabegani. Onésime aliinama hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo, akasoma idadi iliyobaki.

“Nonante-huit,” alisema. Tisini na nane.

Bunge likaacha kubishana, hata Claudine akatoa kichwa jikoni, mwiko mkononi.

“Bon, ni nini tena? Nani amekufa?”

“Hakuna muntu amekufa, maman,” Onésime alijibu. Aliketi kwenye kochi, upande wake wa kulia, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.