Gozbert Alirudi kwa Mafungu

Ngozi ndiyo iliyotangulia. Deodata alikuwa amekaa juu ya jiwe kwenye mahame ya baba mkwe wake, anamenya ndizi mbichi, vidole vimeshaingia weusi wa utomvu, alipoiona ikipita katikati ya migomba. Ilikuwa nyepesi na upepo uliisukuma kidogo, lakini mwendo ulikuwa wa mumewe Gozbert, ule wa kutanguliza bega la kushoto. Ilifika kwenye shina kilipozikwa kitovu chake, ikajikunja, ikatulia.

"Umefika," alisema Deodata.

Akamaliza kwanza ndizi zilizobaki, kisha akaiweka ngozi kapuni juu ya ndizi, akashika njia ya kijijini.

Hakuwa akiishi pale tena. Mwaka wa Operesheni malori yalikuja Murusagamba, watu wakahamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zimepangwa mstari kama watoto wa shule. Migomba iliachwa huko nyuma pamoja na makaburi, kwa maana mtu wa huku huzikwa katika migomba ya baba yake. Kurudi mahameni kulikatazwa, na kila mtu alikuwa anarudi, kwa kuwa njaa haisomi tangazo. Halafu ikaja vita ya Kagera. Lori jingine likachukua mgambo, Gozbert akiwemo, na tangu lilipokata kona Deodata alishikwa na ganzi. Si maneno ya kupamba. Aliwahi kuipua sufuria ya maharage kwa mikono mitupu, akaitua taratibu, na ni harufu iliyomwambia kwamba anaungua.

Mama mkwe wake, Auleria, aliikunjua ngozi mlangoni akaikagua kama anunuavyo kanga. Alipofika gotini akasimama.

"Ni yeye. Hili kovu la jembe nililifunga mwenyewe." Akaikung'uta vumbi. "Na vingine viko wapi?"

"Vitakuja, mama."

Waliitundika mlangoni. Msimu ule paa lao lilivuja kama mapaa mengine yote, lakini mlangoni hakukupita tone la mvua wala vumbi, na mafua yaliyozunguka kijiji kizima hayakuingia. Kazi ya ngozi ni kuzuia, na Gozbert hakuwahi kuacha kazi nusu.

Deodata alikuwa ameyasikia hayo katika darasa la watu wazima, jioni, watu wakisinzia na majembe miguuni. Mwalimu Adelfina alichora mtu ubaoni akasema mwili umefumwa kwa tishu za aina nne: za kufunika, za kuunganisha, za misuli, na za neva ambazo hupeleka habari. Deodata akanyoosha mkono.

"Mwalimu, zikiachana, zinarudi kwa utaratibu gani?"

Adelfina alifikiri, chaki mdomoni. "Kitabuni hakuna. Lakini nadhani ya nje hutangulia. Neva zitachelewa. Ndizo zilizojua kila kitu."

Za kuunganisha zilikuja na lori la pamba kutoka Biharamulo. Mifupa ilishuka njia panda, ikamshukuru dereva kwa kuinamisha kichwa, ikatembea hadi nyumbani na chupa ya maji ya jeshi imening'inia shingoni. Ndani ya chupa mlikuwa na damu. Adelfina alikuwa amefundisha kwamba damu nayo ni tishu ya kuunganisha, na darasa zima lilimkatalia, mzee Bernardo akisema kitu cha majimaji hakiwezi kuunganisha chochote. Sasa Bernardo alikuja kuitazama ile chupa, akatikisa kichwa, akaenda zake. Kano zilikuwepo, na gegedu za masikio. Mafuta yalikuwa kidogo mno, yalienea kwenye kisosi. Gozbert hakuwahi kunenepa.

"Tumzike sasa," alisema Auleria. "Tumlaze kwa baba yake. Mimi mwenyewe sina siku nyingi, nataka nijue yuko wapi."

Hilo ndilo Deodata alilotaka, na hakuwa na jingine alilolitaka duniani. Akaenda mahameni akapalilia, akachimba kaburi la kimo cha mumewe, akalifunika kwa majani ya mgomba. Kisha akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba ruhusa, maana msiba bila ruhusa ungeitwa kuhama kijiji.

"Shikamoo, ndugu mwenyekiti."

"Marahaba." Protasi alikuwa anafuta viatu kwa jani. Alisikiliza mpaka mwisho. "Nusu mtu hazikwi, Deodata. Subiri atimie."

Misuli ilifika asubuhi moja ya masika, myekundu, imejaa, na moyo ukiwa katikati unadunda. Ilikuwa inakatiza uwanja wa kijiji kuelekea nyumbani wakati rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti ilipogongwa kuwaita watu kazini. Misuli haina akili yake, huenda inakoamriwa. Ikageuka, ikaungana na mstari, ikaokota jembe, ikaingia shamba la mahindi la kijiji. Ililima kutwa nzima bila kuinua mgongo, haikuomba maji, na rimu ya jioni ilipogongwa iliacha jembe likiwa bado hewani.

Protasi alifurahi waziwazi. Kauli ya siku zile ilikuwa asiyefanya kazi na asile, naye sasa alikuwa amempata afanyaye kazi asiyekula. Wageni wa wilaya walipokuja walionyeshwa Gozbert kabla ya kuonyeshwa ghala.

Jioni misuli ilirudi nyumbani na Auleria akaipaka samli, maana bila ngozi ilikuwa inakauka. Walijaribu kuivisha ngozi yake, ikateleza ikaanguka, kwa kuwa neva za kuishika zilikuwa bado njiani. Mguuni palikuwa na jeraha la jembe, refu, limejaa udongo. Haikujua. Auleria akalisafisha, akalia, akaendelea kupaka.

Deodata akarudi kwa mwenyekiti.

"Nimekuja kumwomba mume wangu. Ametimia vya kutosha. Nataka kumzika."

"Moyo unapiga?"

"Unapiga. Lakini moyo nao ni msuli, ndugu mwenyekiti, tena wa namna yake. Hujipigia wenyewe, hausubiri mtu. Mwalimu ametufundisha."

"Mwenye moyo unaopiga ni mzima. Mimi nitaandika nini huko juu? Kwamba nimezika nguvu kazi?"

Hakuwa mtu mbaya, Protasi. Mwanawe Pancras alipanda lori lile lile na Gozbert, na mpaka siku ile hakuwa amerudi hata ukucha. Kila jioni alikuwa akitoka kutazama njia panda, halafu akienda kuigonga rimu.

Neva zilifika Jumapili, watu wakitoka misani. Zilikuwa nyeupe, nyembamba, zimesukana kama mizizi ya mharage uliong'olewa, na zilitambaa polepole mno kwa sababu kila kokoto ya barabara zilikuwa zinaisikia. Watu walizipisha. Deodata akachuma jani la mgomba, akalipasha moto lilainike, akasubiri lipoe, akazizoa nalo. Zilitetemeka hadi mlangoni kwa mwenyekiti.

"Nikimrudishia hizi atajua kwamba amechoka," alisema. "Akijua atalala. Akilala, na moyo utapumzika. Kaburi liko tayari. Nakuomba, baba."

Hakuwahi kumwita baba. Protasi alizitazama neva. Akatazama shamba, mahindi yaliyofika kiunoni, na nyumba zilizopangwa mstari, ambako watu walikuwa wamekaa vizingitini na mikono yao imelala mapajani.

"Huyu akijua kwamba amechoka," alisema, "kesho na wale watajua. Zirudishe nyumbani, Deodata. Shambani zisifike."

Deodata akazirudisha.

"Neva hazikai bila mtu," alisema Auleria. "Zinaanza kukauka, tazama ncha zake. Nipe mimi. Mimi ndiye niliyemzaa."

"Wewe umeshachoka, mama."

Akanyoosha mkono, ule wenye kovu la sufuria. Neva zikapanda kwenye kidole cha shahada, zikazunguka kiganja, zikafuata mkono hadi begani, zikaingia shingoni. Kitu cha kwanza alichokisikia kilikuwa joto la jiko. Halafu maumivu ya kuungua ya mwaka mzima yakaja kwa pamoja, naye akayapokea. Halafu akajua yaliyompata Gozbert vitani, ng'ambo ya mto Kagera, tangu mwanzo hadi mwisho. Akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti kama watu wanavyolia msibani, na majirani wakatoka nje, wakasikiliza, wakarudi ndani.

Auleria alimshika kichwa. Alisubiri mpaka kilio kikatulia.

"Mwanangu aliumia?"

"Sana, mama."

"Aliita mtu?"

"Alikuita wewe."

Auleria akaitikia kwa kichwa, akasogeza kuni jikoni.

Jumatatu rimu iligongwa. Misuli ilitoka, ikachukua jembe, ikaenda. Deodata alikuwa na zamu ya kuwapikia walimaji, akakaa nyuma ya nyumba na kapu la ndizi na kisu. Jembe la kwanza lilipoingia ardhini alilisikia kiganjani. Lilipogonga jiwe, mkono ukamfa ganzi hadi kwenye kiwiko, kisu kikamponyoka. Akakiokota. Nyonga ikaanza kumuuma, kisha kiuno, kisha jeraha lile la mguuni likaanza kuwaka udongo ulipoingia upya, na mguu wa Deodata haukuwa na kitu.

Kabla ya saa nne asubuhi Gozbert alikuwa amechoka. Kijijini kote hakuna aliyelijua hilo isipokuwa mkewe. Rimu ya kupumzika ni ya jioni. Deodata akabadilisha mkao, akaendelea kumenya.