Shingo ya Mkurugenzi

Ofisi ya Fidia ilimtaka Kinyozi achague: alipwe pesa, au asafishwe jina hadharani. Vyote viwili haviwezekani, alieleza karani kwa upole, bajeti ni moja. Dada yake, aliyekaa naye kwenye benchi, alimkanyaga mguu ili ajibu vizuri. Kinyozi akachagua jina.

"Umerogwa wewe?" dada alimuuliza walipofika barabarani. "Miaka kumi na moja gerezani bila kosa, halafu unachagua kupigiwa makofi?"

"Pesa zinaisha, dada."

"Na makofi ndiyo yanadumu?"

Kinyozi alikuwa na hesabu yake. Alifungwa kwa sababu mteja wake mmoja alikutwa nyuma ya kibanda chake cha kunyolea amekatwa koo, na wembe wa Kinyozi ulikuwa na damu ya marehemu. Damu yenyewe ilikuwa ya chunusi aliyoichubua asubuhi ile akimnyoa. Kila kinyozi mjini anajua chunusi inavyovuja, ila hakuna hata mmoja aliyeitwa mahakamani kulisema hilo. Muuaji alikuja kukiri mwenyewe akiwa mahututi, alipoona hana tena cha kupoteza. Kinyozi akatolewa, akapewa pole, akarudi kwenye kibanda ambacho dada yake alikitunza miaka yote hiyo. Alifuta kioo, akapanga taulo, akangoja. Watu walimsalimia vizuri mno. Walimletea matunda. Kukaa kwenye kiti, hakuna aliyekaa.

Hata shemeji yake, mume wa dada, mtu aliyenyoa kidevu maisha yake yote, aligundua ghafla kwamba ndevu zinampendeza. Zilimtoka mafungu mafungu, huku zipo, huku hazipo, lakini alizing'ang'ania. Na Kinyozi ndiye aliyelala kwenye kochi la shemeji huyo na kula chakula chake, akimtazama kila jioni anavyokichezea kidevu.

Ndiyo maana alitaka shingo moja tu, na iwe ya mtu mkubwa. Wahenga walisema ukiona mwenzako ananyolewa, wewe zako tia maji. Wao walikuwa wanaonya. Kinyozi, maskini, aliigeuza methali yao kuwa tangazo la biashara. Mkurugenzi wa Fidia akishaonekana kwenye kiti kile, ameinua kidevu, nani tena ataogopa?

Alipoombwa aje anyolewe hadharani, Mkurugenzi akakubali. Kwa nini akatae? Kunyolewa ni rahisi kuliko kulipa.

Siku yenyewe mtaa ulijaa. Mafundi waliacha kazi, wapiga picha walipanda juu ya makreti ya soda, na fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano yake, alijipatia nafasi mbele kabisa. Mkurugenzi alishuka garini na ndevu za siku mbili, alizoziacha makusudi. Alimshika Kinyozi mkono, akakohoa, akasema taifa linamwomba radhi. Makofi yakapigwa. Dada alilia bila kujificha, akasahau hata zile pesa.

"Kabla hatujaanza," alisema mlinzi wa Mkurugenzi, kijana mwenye suti ya kubana, "naomba vifaa nivikague. Utaratibu tu, mzee."

Alivichukua nyuma ya gari, akavirudisha vimefungwa kwenye taulo, kwa heshima zote. Kinyozi akampaka Mkurugenzi povu. Mikono yake ilikuwa imetulia, na kwa mara ya kwanza tangu atoke alijisikia mtu. Akashika kishikio cha wembe, akakiinua hadi shavuni, akakivuta chini. Mkono ulijua kabla ya macho. Hakukuwa na mkwaruzo. Alikigeuza akakitazama: wembe ulikuwa umetolewa.

Alimtazama mlinzi. Mlinzi akamtikisia kichwa kidogo, kwa upole, kama mtu anayemwambia mgonjwa avumilie.

Angeweza kusema. Lakini kamera zilikuwa zinamulika, dada yake anatabasamu, na Mkurugenzi amefumba macho na kuinua shingo yake nono, raha mustarehe, akijua anachokijua. Kinyozi akaendelea. Alikwangua povu kwa chuma kitupu, shavu hili, shavu lile, chini ya kidevu, akajifanya anafuatisha ndevu. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alipomaliza, akamfuta Mkurugenzi kwa taulo, na ndevu zote zilikuwa palepale.

"Mkono mwepesi sana," alisema Mkurugenzi akisimama haraka. "Sijasikia hata kidogo."

Makofi yakapigwa, ila safari hii machache, kwa sababu waliokuwa karibu wana macho. Mkurugenzi alikuwa na mkutano mwingine, na mtu hawezi kwenda mkutanoni na uso wa namna ile. Akaingia garini. Kioo hakikufunikwa vizuri, na mtaa mzima ukamwona kijana mwingine aliyekuwa akisubiri mle ndani akitoa wembe wake na kuanza kumnyoa upya.

"Basi jamani," fundi viatu akasema, wala hakupaza sauti, "kama serikali yenyewe inamwogopa, mimi na kidevu changu cha mkopo ni nani?"

Walicheka. Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu, kisha wakatawanyika, na hakuna aliyetia maji.

Dada alibaki. Alifunga mlango wa kibanda, akavua kitambaa cha kichwani, akakaa kwenye kiti.

"Ninyoe kipara," alisema. "Kesho nitapita sokoni kichwa kinang'aa. Tuone nani atafungua mdomo."

"Dada, si lazima."

"Nimekuletea sabuni gerezani miaka kumi na moja. Nimegombana na majaji. Nyoa."

Kinyozi alipunguza nywele kwa mkasi, akapaka povu, akatoa wembe mpya kwenye karatasi yake na kuuweka kwenye kishikio. Alitaka kumwambia asante, badala yake akakaza kishikio. Alianzia utosini. Alipoenda kulia, macho ya dada kwenye kioo yalikwenda kulia. Alipoenda kushoto, yalikwenda kushoto. Hayakupepesa.

"Unaogopa, dada?"

"Nani, mimi? Acha ujinga."

Akamwinamisha kichwa taratibu ili amalizie kisogoni. Wembe ulipogusa shingo, dada alitoa sauti ndogo, na mkono wake ukaruka wenyewe ukamdaka kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo Kinyozi hakujua kama anazo.

Wakatulia hivyo hivyo, wote wawili wakiutazama ule mkono.

"Samahani," dada alisema. "Endelea."

Kinyozi akangoja.

"Endelea, mdogo wangu," alisema tena, na bado hakumwachia.