Mkate wa Akina Numerio

Kitendawili! Wanaume wanne wanaishi kabatini, hawali, hawazeeki, na jina lao moja. Mmeshindwa? Nipeni mji. Mnanipa Roma? Haya, nimeuchukua, kodi mniletee mimi.

Hao ni akina Numerio wa Preneste. Katika ukoo ule kila kifungua mimba wa kiume aliitwa Numerio, karne baada ya karne, na akifa uso wake ulifinyangwa kwa nta ukawekwa katika kabati lake. Siku ya msiba wachekeshaji wa kukodi huzivaa zile nyuso, na wazee waliooza zamani wanamsindikiza mwenzao kaburini.

Basi alipokufa Numerio mume wa Otasilia, wachekeshaji wakajipanga uani.

"Numerio, sogea mbele!" akaita mwanawe, naye ni Numerio.

Wakasogea wote. Wakagongana, pua moja ya nta ikapinda.

"Si wewe! Numerio wa vita!"

"Ndiye mimi. Huyu alikimbizwa na bata bukini."

"Nani kakimbizwa? Hebu rudia!"

Lakini walikuwa watatu tu. Mchekeshaji wa nne alisimama uso mtupu, maana kabati la baba mkwe limefungwa, na ufunguo umo kifuani mwa Otasilia.

"Mama, nakusihi. Babu asipotoka, mji utasema tumemkana. Nitasimamaje jukwaani kumsifu baba?"

"Kwa miguu yako. Babu yako hatoki."

"Kwa ajili ya mkate tu, mama?"

"Mkate wa harusi yangu!"

Hapo ndipo palipomuuma. Siku ya ndoa yao, kuhani amekwisha kufika, mkate wanaopaswa kuumega bibi na bwana haukuonekana. Ikabidi wakaombe kwa jirani, wakapewa mkate wa mbwa. Otasilia akaumega mbele ya shangazi zake wote, wanacheka mpaka machozi. "Nani kaula?" alimuuliza mumewe. "Baba," akajibu, macho chini. Tangu hapo mama wa watu hakumwamkia mkwewe, wala hakumpelekea ua kaburini. Ila yale macho chini hayakumtoka moyoni, akawa anauliza kila mwaka, naye mume kila mwaka anakohoa.

Sasa mle uani alikuwamo Sirisko, aliyekodiwa kumwiga marehemu mwenyewe, kavaa uso wake mpya wa nta. Alitanguliza tumbo, akakuna sikio la kushoto, akacheua. Watumishi wakalia na kucheka papo hapo, jinsi alivyofanana.

Otasilia akamwendea na mwiko mkononi. "Wewe uliyejifanya mume wangu! Nani alikula mkate wangu? Nijibu nitoe ufunguo huu, au niutupe kisimani."

Sirisko akakohoa.

"Hata kikohozi umemwibia! Jibu!"

"Bibi, kwanza shusha mwiko."

Akampa mwanawe.

"Mumeo alipougua aliniita nijifunze mwendo wake. Akaniachia na maneno. Akasema, Sirisko, usiyatoe mpaka nifike mahali nisipopigika."

Wale Numerio watatu wakaacha kusukumana. Sirisko akauweka sawa uso wa nta, akakuna sikio la kushoto, akasema kwa sauti ya marehemu kabisa:

"Otasilia, ua langu, niliula mimi. Njaa ya bwana harusi haina adabu. Baba maskini alinikamata mkono, na hata chembe hakuonja."