Kufuli kwa Nje

Hakuna kiti kilichowahi kumshika Joyline hata nusu saa. Akikaa kuandika, anakumbuka sufuria chafu. Akimaliza sufuria, anakumbuka pazia halijafuliwa tangu Krismasi, na akionekana tu kwenye kamba ya nguo, siku imekwisha.

"Joyline, wewe si uko tu nyumbani? Niangalilie omena isiliwe na kuku!" jirani aliyeanika dagaa humwitia.

Pale kwenye ploti yao ya nyumba za kupanga, Oyugis, ilijulikana kwamba Joyline hana kazi, ana kompyuta tu. Kumbe kazi anayo, tena kazi ya vituko: kumwandikia mteja wa ng'ambo makala ya kumfundisha mtoto wa mbwa kutulia mahali pamoja. Joyline, ambaye hajawahi kufuga hata paka! Makala mbili alikuwa amezichelewesha. Mteja akamwandikia kwa ile adabu inayotisha: hii ya tatu ikipita saa kumi jioni ya leo, atatafuta mwandishi mwingine. Joyline aliipenda kazi hii kuliko alivyopenda chai, kwa hiyo akaamua kujitia adabu mwenyewe.

Alimwendea Sainab, mwenye duka la leso pale kona. "Nifungie kufuli kwa nje. Uje saa kumi."

Sainab alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Na choo je?"

"Nimeweka ndoo."

Kufuli likabana. Ndani, Joyline alijiona mjanja kupindukia. Akaandika kanuni ya kwanza: akilia, usimfungulie. Ya pili: akitulia, mpe kitu kitamu, lakini kidogo kidogo. Maneno yakamiminika hata akasahau pazia.

Mchana hivi, mlango ukagongwa. Alikuwa shangazi yake Marcella, muuza ndizi, ambaye akija kusalimia hata jua huchoka kumsubiri.

"Joyline! Aki huyu msichana!"

"Ametoka, mama," jirani yake Roseline akasema. "Si unaona kufuli? Labda amepata kazi."

"Kazi anayo!" Shangazi akatua beseni kibarazani. "Huyu ni mwandishi. Sokoni nimewaambia wote: ile kichwa ya kaka yangu ilirudi kwa huyu."

Joyline akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Huyu ndiye shangazi anayemuuliza kila wiki ataajiriwa lini! Furaha ilimpanda mpaka machozi yakamtoka. Alitaka kupiga kelele kwamba yuko hapa, amesikia, arudie tena.

"Lakini wacha hiyo," Shangazi akashusha sauti. "Umesikia ya Ombati na ile harusi yake?"

"Yawa! Nini tena?" Roseline akadakia.

Miguu ya Joyline ikainuka yenyewe. Alikwisha kufika mlangoni, sikio karibu ligusane na mbao, alipokumbuka saa kumi. Akajikokota hadi kitini, akajaza pamba masikioni, akaandika huku akiugua kwa uchungu wa kutojua.

Alipotuma makala, bado kulikuwa na dakika za kupumua. Akachomoa pamba, akaruka.

"Antii! Nimemaliza!"

"Mwizi kwa nyumba!" Shangazi akapiga yowe. Ndizi zikabingirika uani, Roseline akanyakua ufagio, na Sainab akaja mbio na ufunguo, hawezi kueleza kwa kicheko.

Mlango ulipofunguliwa, Shangazi alimtazama Joyline, akatazama kufuli, akatazama ndoo.

"Kwa hivyo ulinisikia?"

"Ya kichwa, ndiyo. Ya Ombati niliziba masikio."

"Uliziba?" Shangazi akashangaa kwelikweli. "Ya Ombati?" Akaunyosha mkono kwa Sainab, akachukua ufunguo na kuufunga kwenye pindo la leso yake. "Kesho unaandika nini?"

"Paka."

"Kesho nitakufungia mimi. Na mtu akikuja na omena yake, atanipata kwa huu mlango."

Kisha akaketi, akammenyea Joyline ndizi, akaanza ya Ombati tangu mwanzo: mahari, suti ya kuazima, bibi harusi kushuka garini. Joyline alitulia tuli, hata kutafuna akasahau. Halafu, bwana harusi alipofungua tu mdomo kujibu kasisi, Shangazi akanyanyuka, akajitwika beseni.

"Anti! Alijibu nini?"

"Ukimaliza paka," Shangazi akasema, akaenda zake.

Asubuhi, kabla Shangazi hajafika, Joyline alikuwa tayari kitini, na kufuli amelining'iniza nje.