Maji ya Mtakatifu Tomaso

Jua la Paraguay halikumwonea huruma Anika Solberg. Alitoka Minnesota, kwenye theluji, na sandukuni mwake mlikuwa na soksi za sufu kwa sababu mama yake alishikilia kwamba ugenini baridi haikosi. Wiki za kwanza msichana huyo alikuwa kiguu na njia, jua la utosi, Biblia kwapani, akipiga makofi kwenye kila lango la kijiji cha Potrero Benítez kama alivyowaona wenyeji wakibisha hodi. Hakutoka mtu ila mbwa. Akadhani watu wana mioyo migumu, kumbe wamelala.

Mwili ukazoea taratibu. Akajifunza kulala mchana bila kujiona mvivu, na kuoga kabla ya kila mlo bila kumpigia mayowe chura wa bafuni. Mkate wa jibini wanaouita chipa alikuwa akiula ungali wa moto, akisimama mlangoni na kusikiliza redio ya jirani. Soksi za sufu paka alizifanya kitanda chake cha uzazi. Kusema kweli Anika alikuwa na furaha, tena furaha ambayo hakuitegemea. Kilichomnyima raha kilikuwa kimoja tu, nacho ni Alhamisi.

Kanisa lake lilimtuma aanzishe mkutano wa akina mama kila Alhamisi jioni, katika nyumba ndogo ya kukodi ambamo Anika alikuwa akiishi chumba cha nyuma. Alhamisi ya kwanza walifurika. Ña Delfina, yaani Bi Delfina, jirani yake, mjane mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikuja na terere: majani makavu yanayotiwa katika kikombe cha pembe na kumwagiwa maji ya barafu, kisha watu wanapokezana, mrija mmoja kwa wote. Delfina akakijaza kikombe, akakiweka mezani bila kumpa mtu.

"Hicho cha nani?" Anika akauliza, koo limemkauka.

"Cha Mtakatifu Tomaso. Yeye ndiye anayeanza."

Hapo ndipo alipoharibu. Badala ya kucheka, au hata kunyamaza, alisimama akawahubiria kwamba watakatifu waliokufa hawanywi maji, na kwamba kuwawekea vinywaji mezani ni ibada isiyofaa. Alihubiri kwa moyo wote, maskini. Akina mama wakamsikiliza kwa adabu, wakanywa, wakaaga. Alhamisi iliyofuata waliohudhuria ni viti na nzi. Iliyofuata tena, nzi peke yao, maana viti Anika hakuwa na moyo wa kuvipanga.

Kisha Mchungaji Whitcomb, mkubwa wake wa mjini, akapiga simu. Atakuja Alhamisi hii kujionea. Akikuta patupu, nyumba itarudishwa kwa mwenye nyumba, na Anika atarudi kwao.

"Usijilaumu, binti," Mchungaji alisema. "Wapo wasioweza joto."

Anika aliiweka simu chini akalia. Joto aliliweza! Alikuwa ameshalipenda, yeye na chura wake, na sasa anafukuzwa na viti vitupu.

Jumatano jioni alipiga moyo konde, akaenda kupiga makofi langoni kwa Delfina.

"Ingia, Dada," sauti ikatoka ndani. "Ila humu mna picha za watakatifu, usije ukachafuka."

"Ña Delfina, nimekuja kuomba radhi. Sijui nimekosa nini, lakini najua nimekosa."

Delfina akamtazama, akaangua kicheko mpaka kiti kikalia. Akachukua kikombe, akatia majani, akamimina maji. Maji yakazama yote.

"Umeona? Ya kwanza hunywewa na majani yenyewe. Ukibahatisha tone, ni chungu, limejaa vumbi. Nani anayataka hayo? Basi tunasema kanywa Tomaso. Bibi yangu alikuwa akisema hivyo. Hakuna aliyekipigia kikombe magoti, mwanangu! Ni utani. Wewe ukauhubiria utani wetu."

Anika alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mbona hamkuniambia?"

"Ulitupa nafasi? Tukasema, huyu hataniwi, tutakaa naye vipi?"

Anika akamweleza habari za Mchungaji na za kurudishwa kwao. Delfina hakuahidi kitu. Alimimina tena, akamsogezea kikombe. "Kunywa kwanza," alisema.

Alhamisi Mchungaji alifika na koti jeusi, shati limemganda mgongoni. Akavitazama viti, akaitazama saa yake. Anika alikuwa akimsimulia habari za mvua, mara ya pili sasa, makofi yalipolia langoni. Alikuwa Delfina, na nyuma yake akina mama tele na vipepeo vyao vya kujipepea mkononi.

"Utuwie radhi, Dada, tulikuwa tunatwanga mnanaa wa kutia kwenye terere," Delfina alisema, akamtia kikombe mikononi. "Mdogo ndiye anayemimina."

Anika akamimina. Mchungaji, kiu imemshika, akanyoosha mkono.

"Hapana, Mchungaji. Hicho si chako," Anika akasema.

"Ni cha nani?"

Vipepeo vyote vikasimama. Delfina akajitia hamnazo, akitazama dari. Anika angeweza kusema kwamba majani hayajalowa, mambo yakaisha, na mkubwa wake asingeudhika. Akakiweka kikombe mezani.

"Cha Mtakatifu Tomaso," akasema. "Yeye ndiye anayeanza."

Mchungaji akafungua kinywa, na Anika alijua hasa kitakachotoka humo.

"Keti, baba, usihubiri," Delfina akamdakia. "Hayo mwenzio alishatuhubiria, tukamsamehe. Ngoja zamu yako."

Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni Anika. Mchungaji akaketi. Zamu yake ilipofika alinyonya mpaka mrija ukakoroma, akanyoosha kikombe aongezewe, akaambiwa apange foleni.

Akavua koti. Alitafuta mahali pa kuliweka asipate, maana kila kiti kilikuwa na mtu, na Anika mwenyewe alikuwa amekaa sakafuni, chupa ya maji katikati ya magoti, akimimina.

"Binti," Mchungaji akasema, koti mkononi, "viti hivi havikutoshi. Nitakuletea vingine."