Ukurasa wa 613

Kila Jumanne, tangu saa saba mchana hadi saa kumi na moja, Marlys Tolliver alikaa kwenye meza ya dirishani katika maktaba ya mji wa Lorne, kaunti ya Garrow, jimbo la Iowa, akiwasubiri watu wanaotafuta mababu zao. Watu hawakukosekana. Wengine walitoka hata California, kaptura miguuni, majina mawili matatu yameandikwa nyuma ya bahasha, na walitaka jioni waondoke na babu aliyekuwa shujaa. Marlys aliwashushia kile kitabu kinene cha historia ya kaunti cha mwaka 1882, chenye jalada la ngozi na uzito wa mtoto mchanga, kisha akawapa onyo lile lile.

"Someni, lakini msimeze kila kitu. Wakala wa kitabu alipita na gari la farasi, shamba kwa shamba. Aliyekubali kununua nakala alikaa naye barazani akajieleza, na alivyojieleza ndivyo alivyoandikwa. Ndiyo maana kaunti nzima humu ndani hamna mlevi hata mmoja, wala mwizi wa nguruwe. Mpaka mpate karatasi ya pili inayosema vilevile, andikeni kwa penseli."

Sheria hiyo aliifuata mwenyewe. Kilichosemwa na karatasi moja alikiandika kwa penseli, kilichosemwa na karatasi mbili alikitia wino. Kwenye karatasi yake kubwa ya ukoo, aliyoianza mwaka 1964, upande wa baba ulikuwa wino mtupu mpaka vizazi saba. Upande wa mama ulikuwa na watu wawili tu: mama yake, Ione, na bibi yake, Permelia, naye kwa penseli. Zaidi ya hapo ni weupe. Marlys alikuwa na miaka sitini na mitatu, hakuwahi kuolewa wala kuzaa, na kitu kimoja alichokitaka duniani ni kujua, kabla mama yake hajafa, mama huyo ametoka kwa akina nani.

Mama alimwambia watu wake ni wa Illinois, na kwamba mahakama iliyotunza kumbukumbu zao iliungua moto. Basi kwa miaka thelathini Marlys aliandika barua Illinois, kwa makarani, kwa wachungaji, kwa watunza makaburi, kwa kila aliyekuwa na anwani. Walikaa wawili mezani jikoni, binti akiandika, mama akilamba stempu. "Safari hii watajibu," mama alikuwa akisema, huku akiikandamiza stempu kwa kidole gumba. Hawakujibu, au walijibu kwamba hawamjui mtu huyo.

Kitu pekee cha Permelia kilichosalia kilikuwa kitambaa alichokitarizi utotoni, chenye jina lake na tarehe ya kuzaliwa: Permelia, Machi 4, 1880. Ukingo wa chini ulikuwa umepunguzwa kwa mkasi wa meno, ule wa mafundi cherehani, unaoacha vijipembe ili nyuzi zisifumuke. Mama alisema nondo walikuwa wameula ukingo huo. Marlys alikitia kitambaa kwenye fremu akakitundika juu ya sofa.

Jumanne ya pili ya mwezi wa Mei, mwaka 1994, mkutubi Wendell Fitch alikuja mezani kwake akisukuma boksi kwa mguu.

"Bi Marlys, urithi wako huu."

"Wa nani?"

"Wa Orpha Bratt. Kaunti imesafisha nyumba yake, vitabu vimetupwa kwetu."

"Orpha alikuwa na vitabu?"

"Acha dharau, mama. Viwili. Kimoja cha mapishi. Kingine kinyanyue mwenyewe, mimi mgongo wangu bado nauhitaji."

Marlys alicheka, na baadaye kicheko hicho kilimuuma. Akina Bratt walikaa kule kwenye machimbo ya mawe, na mtu wa Lorne akitaka kuchekesha wenzake bila kufikiri sana, anawataja akina Bratt. Lakini Marlys alimjua Orpha vizuri. Walipika pamoja jikoni kwenye shule ya msingi kwa miaka kumi na tisa. Siku za maharage ya pilipili na nyama, ambayo Iowa nzima huliwa pamoja na mkate wa mdalasini, Orpha alitoa kwenye trei ule mkate wa katikati, laini, usioguswa na moto wa pembeni, akaufunika kwa kitambaa. "Wa Marlys huo," aliwaambia wenzake, "atakayeugusa nitamkata mkono." Marlys alikula, akashukuru, hakuuliza kwa nini.

Orpha alikufa Februari, peke yake, akiwa na miaka themanini na minne. Kaunti ndiyo iliyomzika. Marlys hakwenda mazishini kwa sababu siku ile hakuwepo. Jioni ya kuamkia siku hiyo mama yake alimpigia simu kutoka nyumba ya wazee, sauti imechangamka: amekumbuka jina la kanisa walikobatizwa watu wake, kule Illinois, na mji wenyewe amekumbuka. "Nenda kesho hiyohiyo, mwanangu, kabla sijasahau tena. Endesha taratibu." Marlys aliendesha kwa muda wa saa nne kwenye theluji. Hapakuwa na kanisa. Palikuwa na duka la matairi, na mwenye duka akamwambia baba yake alilijenga kwenye shamba la mahindi.

Sasa alikitoa kitabu kwenye boksi, akashangaa. Kilikuwa historia ya kaunti ya mwaka 1882, nakala ya nne. Yeye alizijua tatu: ya maktaba, ya chama cha historia, na ya nyumbani kwao. Zote tatu zilifika ukurasa wa 612 zikarukia 615. Kosa la mtambo, ndivyo alivyowaambia wageni miaka yote. Alifunua kwa mazoea tu, kuona kama kosa liko na huku.

Halikuwepo. Baada ya 612 ulikuja 613, mweupe kuliko wenzake, kama ngozi iliyokuwa chini ya saa ya mkononi. Hosea Bratt, mkulima na mfugaji. Alijisifu kama wote: farasi wake hawakuwa na mpinzani, neno lake lilitosha bila hati, na mvinyo hakuujua hata harufu. Mwisho wakaja watoto wake sita, kwa mpangilio, na wa sita alikuwa Permelia, aliyezaliwa Machi 4, 1880.

Marlys alisoma tena ile tarehe. Halafu akavuta nakala ya maktaba, akaifungua pale 612, akaikunja kwa nguvu mpaka mgongo ukalia. Wendell aligeuka. Ndani kabisa, pale kurasa zinaposhonwa, palikuwa na kipande cha karatasi chembamba kama kidole. Kilikatwa kwa mkasi wa meno.

Aliyekikata alijua kazi. Ukinyofoa ukurasa wote, mwenzake wa upande wa pili hulegea na siku moja huanguka, kwa hiyo fundi huacha ukingo wa kushonea. Na fundi alikuwa mmoja tu. Ione Tolliver, fundi cherehani, ndiye aliyeshonea maktaba vitabu vyake vilivyoachia migongo. Mwaka 1965, Marlys mwenyewe alizipakia nakala zote tatu kwenye gari akampelekea mama yake, azishone upya, ili utafutaji uwe rahisi.

Chini ya kitabu cha mapishi palikuwa na kijitabu cha watu wa mazishi, kile wanachosaini waliohudhuria. Mistari ishirini, jina moja. Mwandiko wa kulala, wa wino wa bluu, Marlys aliujua kuliko wake. Ulisema: Ione Bratt.

Karatasi ya pili hiyo.

Alimkuta mama yake kule nyumba ya wazee, kwenye kiti chake karibu na mlango wa kioo wa kibaraza, miaka tisini na moja, nywele zimechanwa, anamtazama mtunza bustani akikosea kazi.

"Leo Jumanne," mama alisema. "Wewe huja Jumatano. Nani kafa?"

"Orpha Bratt."

"Huyo si alikufa Februari."

"Alikuwa nani, Mama?"

"Mpishi. Mlipika naye."

Marlys alimwekea kitabu mapajani, kimefunguliwa. Mama hakuvaa miwani. Alipitisha kidole kwenye kona ya ukurasa, taratibu, kama anapima kitambaa.

"Kumbe na yeye alikuwa nacho," alisema. "Nilidhani viko vitatu tu."

Marlys alitamani asingelisikia neno hilo. Njiani alikuwa amejitungia visingizio kumi vya mama yake, na vyote kumi vikaisha hapo.

"Permelia alizaa watoto wawili bila mume," mama aliendelea, bila kuulizwa, "katika kaunti hii hii. Alipokufa nilikuwa na miaka minane. Watu wa Illinois wakanichukua, wakanipa jina lao. Orpha wakamwacha machimboni kwa mjomba, alikuwa mdogo mno kufanya kazi. Nikarudi huku nikiwa fundi, hakuna anayenijua, baba yako akanipenda. Bibi yako Tolliver unamkumbuka? Angenipokea mimi, Bratt? Angenipitisha mlango wa nyuma na ndoo mkononi."

"Baba alijua?"

"Baba yako alijua bei ya nguruwe."

Siku nyingine wangecheka. Marlys alivuta kiti akakaa.

"Mama, kumficha bibi Tolliver sikulaumu. Lakini bibi alikufa nikiwa na miaka ishirini. Baba alikufa kabla sijaanza kuandika barua hata moja. Uliyekuwa unamficha ni mimi peke yangu. Ulikaa pale jikoni unalamba stempu!"

"Nilidhani utachoka."

"Miaka thelathini?"

"Mbishi kama baba yako. Mimi nifanyeje? Nilishaanza."

"Na Orpha? Alijua mimi ni nani?"

Mama aligeukia tena bustani. "Alijua. Ulipoanza kazi pale shuleni, naye akaenda kuomba. Akaja kwangu akaniambia, Ione, sitamwambia kitu, niache tu nimwone. Tukakubaliana."

Marlys alikumbuka ule mkate chini ya kitambaa. Miaka kumi na tisa mama yake mdogo alisimama naye bega kwa bega, akimmenyea vitunguu ili macho yasimwume, na yeye jioni alirudi nyumbani mbio kwenda kuwaandikia wageni wa Illinois. Aliona hasira inampanda mpaka masikioni, hasira ya mtu aliyechezewa na watu wawili anaowapenda, na mmoja wao hayupo tena wa kugombezwa.

"Na lile kanisa la Februari?"

Mama alinyoosha kona ya ukurasa.

"Mama. Lile kanisa."

"Sikutaka unione nalia," mama alisema. "Ungeuliza."

"Kwa hiyo ukanipeleka kwenye theluji, saa nne kwenda, saa nne kurudi, nikaongee na muuza matairi. Ili mama mdogo azikwe na mchungaji na mchimba kaburi."

"Na mimi nilikuwepo."

"Ndiyo, ulikuwepo. Na ukasaini Bratt. Yeye kafa ndipo ukampa jina lako. Mimi niko hai, mimi ukanipa Illinois!"

Muuguzi alichungulia mlangoni, akauliza kama kuna shida. Mama alimwambia hakuna, binti yangu amekuja kunitembelea.

Marlys aliitoa karatasi ya ukoo kwenye mkoba, akaitandaza juu ya meza ya dawa, akafungua kalamu ya wino.

"Usiandike," mama alisema. "Ngoja nife. Si muda mrefu. Unishikie neno hilo tu."

Miaka yote Marlys alikuwa binti wa kushika maneno. Sasa aliandika Hosea. Akapitisha wino juu ya Permelia. Kando ya mama yake akachora mstari mpya, akaandika Orpha, na tarehe ya kuzaliwa aliyoiona kwenye kijitabu cha mazishi: Oktoba 9, 1909.

"Siyo tisa," mama alisema kwa haraka. "Kumi na tisa. Waliniweka nje barazani nimenye matufaa mpaka yaishe. Nilikuwa nimemaliza beseni zima ndipo nikamsikia analia. Mimi ndiye niliyemchagulia jina."

Marlys aliikata tarehe ile, akasahihisha, akasubiri wino ukauke. Lilikuwa jambo la kwanza la kweli mama yake kumpa kuhusu watu wake, na alimpa kwa sababu hakuvumilia kosa kwenye karatasi. Alikunja karatasi. Alikichukua kitabu kutoka mapajani mwa mama, na mama alikishikilia kidogo kabla ya kukiachia.

"Kesho utakuja? Kesho ndiyo Jumatano yetu."

Makaburi ya machimboni yalikuwa maili nne kutoka pale, ukishapita kisima cha zamani. Marlys alishaamua atakwenda asubuhi, na angepika kwanza trei moja ya mikate ya mdalasini. Hakuwahi katika maisha yake kumdanganya mama yake.

"Kesho nina safari," alisema.

"Ya wapi?"

"Illinois."

Mama alimtazama. Kisha akalirekebisha blanketi magotini, akageuza uso kwenye kioo cha mlango.

"Endesha taratibu," alisema.